Shajara ya Navara: presha ya turbo inayopotelea mlimani

Gari lenyewe

Nissan Navara D40, injini ya dizeli YD25 ya lita 2.5, gia za mkono, turbo (inayoshindilia hewa ndani ya injini) ya mapezi yanayojigeuza. Nimeinunua Dar es Salaam ikiwa imeshapita mikono ya watu kadhaa. Dashibodi inasema kilometa 214,000, na mimi namba za dashibodi ya gari kuukuu nazisoma kama umri wa mchezaji kwenye leseni ya timu ya vijana.

Dar haikuwa na neno. Morogoro haikuwa na neno. Mikumi tukapita vizuri, Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Kitonga ndiko mambo yalikoanzia. Gia ya tatu, nyuma ya malori, mwinuko umekolea, nikakanyaga mafuta: pikapu ikavuta kidogo, kisha ikalegea ghafla na taa ya injini ikawaka. Hakuna moshi, hakuna mlio wa ajabu, injini inanguruma vizuri ila haina nguvu. Nilipopata mahali pa kuegesha nikazima, nikahesabu mpaka kumi, nikawasha. Nguvu zikarudi. Baada ya kona chache zikaondoka tena. Mpaka Ilula nilikuwa natambaa na malori ya Tunduma.

Dalili hiyo ya kuzima na kuwasha ina maana yake. Kompyuta ya injini huwa inalinganisha presha inayoitaka na presha inayoipata. Tofauti ikizidi kwa sekunde kadhaa, inaandika kosa, inapunguza mafuta ili kuilinda injini, na inabaki hivyo hadi swichi izimwe. Kwa hiyo nguvu zilizorudi hazikuwa zimepona. Kompyuta ilikuwa imesamehe tu kwa muda.

Iringa mjini mafundi wawili waliniambia ninunue turbo ya mtumba, na hakuna aliyefungua boneti. Mmoja alikuwa nayo dukani kabisa, imefungwa kwenye gazeti. Sikatai kwamba turbo hufa. Ninachokataa ni turbo kubadilishwa kwa kusikia. Turbo ya aina hii inaweza kushindwa kutoa presha kwa sababu tatu tofauti: hewa inavuja baada ya kushindiliwa, au amri ya kufunga mapezi haifiki, au amri inafika lakini turbo yenyewe haitii, mapezi yamekwama au feni yake imeharibika. Ni hiyo ya tatu tu inayohitaji turbo nyingine, na hata hapo si kila mara.

Jumamosi: kodi na namba za asubuhi

Nimechomeka ELM327, kidude cha kusomea kompyuta ya gari, na kuwasha programu ya simu. Kodi ya kosa iliyohifadhiwa ni P0299, yaani presha ya turbo iko chini ya ile iliyoagizwa. Hakuna kodi ya waya uliokatika wala ya sensa. Nimeinakili, nimeifuta.

Kabla ya kuwasha injini nimesoma namba mbili swichi ikiwa imefunguliwa tu: presha ndani ya manifoldi ya hewa (njia inayogawa hewa kwenye silinda), na presha ya anga. Zote zimesema 84. Kipimo ni kilopaskali. Hili watu huliruka, na ndiyo hatua ya bei rahisi kuliko zote. Injini ikiwa imezimwa, ndani ya manifoldi hakuna kingine ila hewa ya nje, kwa hiyo sensa mbili zisipokubaliana, mojawapo inadanganya na hakuna haja ya kulaumu turbo. Zangu zinakubaliana.

Hiyo 84 nayo inahitaji maelezo kwa wasomaji wa pwani. Dar usawa wa bahari utasoma 101 hivi. Iringa mjini tuko juu, zaidi ya mita 1,500, hewa ni nyepesi. Sensa ya manifoldi husoma presha yote, ile ya anga pamoja na ile iliyoongezwa na turbo. Anayesoma 150 akiwa Kariakoo amepata nyongeza ya 49. Anayesoma 150 akiwa Iringa amepata nyongeza ya 66. Turbo yake inafanya kazi zaidi ya ile ya Kariakoo, na namba ni ileile. Kulinganisha namba za magari mawili bila kutaja miji yalipo ni kupoteza muda wa watu.

Ndiyo maana pia kasoro ndogo ikakaa kimya Dar na kupiga kelele Kitonga. Kule chini anga inaisaidia turbo. Huku juu turbo ndiyo inayobeba pengo, inazunguka kwa kasi zaidi ili injini ipate hewa ileile, na upungufu wowote kwenye udhibiti wake unaonekana mara moja.

Jumamosi mchana: mlima wa Ipogolo

Kipimo kinataka mlima, na Iringa tunao mlangoni. Kutoka Ipogolo kwenye barabara kuu kupanda mjini ni mwinuko wa kutosha na hauchukui mafuta mengi. Nimeweka utaratibu nitakaoufuata kila safari: gia ya tatu, kuanzia mizunguko 1,800 kwa dakika, mafuta mpaka chini, kusoma namba kwenye 2,500. Mpwa wangu ameshika simu, mimi nashika usukani na macho yako barabarani.

Mpando wa kwanza, injini ikiwa haijachemka sana: manifoldi 182.

Wa pili: 161.

Wa tatu, baada ya kusimama kwenye foleni ya bodaboda na jua la saa saba: 128. Taa haikuwaka kwa sababu nilitoa mguu mapema.

Nimefurahi kuliko nilivyotegemea. Feni iliyovunjika haiwezi kuwa nzima ikiwa baridi na kuvunjika ikiwa ya moto. Mpira uliochanika unaweza, kwa sababu joto huupanua. Kwa hiyo uvujaji bado uko mezani.

Hapa nikaitumia sensa ya mtiririko wa hewa, MAF, ambayo huhesabu gramu za hewa zinazoingia injini kabla ya turbo. Fikra ni hii: hewa ikivuja baada ya turbo, MAF itakuwa imeihesabu tayari, lakini injini haitaipata. Basi MAF itakuwa kubwa kuliko manifoldi inavyostahili. Hewa ikiwa haivuji na turbo ndiyo haisukumi, namba mbili zitashuka pamoja.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Injini ina ujazo wa lita 2.488 na hujaza nusu yake kila mzunguko. Kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika hiyo ni lita 51.8 kila sekunde. Silinda hazijai kabisa, nimechukua asilimia 85, tukabaki na lita 44. Presha ikiwa 128 na joto la hewa nyuzi 50, lita moja ya hewa ina gramu 1.38. Zidisha: gramu 61 kwa sekunde. MAF ilisoma 62. Kwa mafuta ya kukanyaga mpaka chini vali ya EGR, ile inayorudisha moshi wa ekzosti kwenye injini, inakuwa imefungwa, kwa hiyo haiharibu hesabu. Ukijaribu hesabu hii injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, EGR itakuvuruga.

Gramu 61 kwa 62. Hewa yote iliyoingia imefika kwenye silinda. Turbo haisukumi, au haijaambiwa isukume.

Jumapili: kupima uvujaji hata hivyo

Hesabu ya karatasi ni nzuri, lakini asilimia 85 ni makisio yangu, na makisio yakikosea kidogo yanaweza kuficha tundu dogo. Nimetengeneza kifaa cha kupimia kwa kizibo cha bomba la plastiki la maji, nikatoboa na kukaza vali ya tairi ya tyubulesi katikati. Nimeondoa mpira unaotoka kwenye chujio la hewa, nikaziba mdomo wa turbo kwa kizibo hicho, nikaleta kompresa ya fundi matairi wa jirani.

Presha isizidi paundi 10. Kuna watu wanajaza 30 kama tairi, halafu wanashangaa oili imetokea kwenye sili. Hewa nyingine itapita kwenye vali zilizo wazi na utaisikia ikipumua kwenye mdomo wa kujazia oili. Hiyo iache.

Maji ya sabuni kila maungio. Povu limetokea sehemu moja, mpira wa chini unaoingia kwenye intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo), klampu imelegea na kuna ukungu wa oili pembeni. Povu dogo, la taratibu. Nimeusafisha mpira kwa ndani, nikaweka klampu mpya pana, povu likaisha.

Ukungu wa oili kwenye mabomba haya usimtishe mtu. Injini hizi hurudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa, na filamu nyembamba ndani ya mipira ni kawaida. Cha kuogopa ni oili ya kumiminika.

Mdomo wa turbo ukiwa wazi nimeshika mhimili wa turbo kwa vidole. Kwenda pembeni unacheza kidogo sana, kama inavyotakiwa kwa bushi zinazoelea kwenye oili. Kwenda mbele na nyuma haukubali kabisa. Feni haijagusa ukuta, ncha zake zote nzima. Ile ya kwenye gazeti sikuwahi kuruhusiwa kuishika mhimili.

Jioni tumepanda Ipogolo tena. Baridi 183, moto 130. Klampu ilistahili kubadilishwa, ila siyo ugonjwa.

Katikati ya wiki: vakyumu

Sasa upande wa amri. Turbo hii ina mapezi madogo yanayozunguka gurudumu la ekzosti. Yakifungwa, mwanya unakuwa mwembamba, moshi unapita kwa kasi, gurudumu linazunguka sana. Yakifunguka, presha inashuka. Anayeyafunga ni kifimbo kinachovutwa na kopo lenye diaframu, na kopo hilo huvutwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa iliyonyonywa. Vakyumu inatoka kwenye pampu ya injini, inapita kwenye solenoidi, vali ya umeme ambayo kompyuta huifungua na kuifunga mara nyingi kwa sekunde, ndipo inafika kwenye kopo. Vakyumu ikikosekana, mapezi yanabaki wazi. Watengenezaji waliamua hivyo makusudi, kwamba kitu kikikatika gari likose nguvu badala ya kupasua injini. Kwa hiyo mpira wa shilingi elfu mbili unaweza kuleta dalili zilezile za turbo ya laki tisa.

Nimeazima pampu ya mkono yenye geji, zile za kutolea upepo kwenye breki. Nimeichomeka moja kwa moja kwenye kopo la turbo na kuvuta polepole huku mpwa akimulika tochi.

"Mjomba, kimeanza kutembea."

Geji ilikuwa inchi 5 za zebaki. Kifimbo kikaendelea kupanda bila kukwama, kikafika mwisho kwenye 16. Nimeiacha imevutwa wakati tunakunywa chai, sindano haikusogea. Nimeachia, kifimbo kikashuka chote. Nimerudia injini ikiwa ya moto, kwa sababu masizi yanayokwamisha mapezi mara nyingi hukwamisha zaidi chuma kikipanuka. Hakikukwama.

Maana yake diaframu ni nzima na mapezi yanatii. Sababu ya tatu imefutwa, na turbo ya mtumba imefutwa pamoja nayo. Fundi mwenye turbo dukani ameniambia nitarudi. Tumecheka.

Sasa je, amri inafika? Geji kwenye mdomo wa pampu ya injini, sailensi: inchi 23. Nimeangalia jedwali moja la jumla la magari ya dizeli, linataka zaidi ya 26. Kwa jedwali hilo pampu yangu imechoka. Ila jedwali liliandikwa kwa usawa wa bahari. Vakyumu haiwezi kuzidi anga yenyewe, na anga ya 84 ni inchi 24.8 tu za zebaki. Pampu ya malaika haiwezi kutoa 26 hapa Iringa. Yangu inatoa 23 katika 24.8, asilimia 93 hivi, na hiyo ni pampu yenye afya. Nadhani kuna pampu nyingi zimetupwa Mbeya na Njombe kwa ajili ya jedwali la namna hii.

Kwenye mdomo wa kuingilia solenoidi: inchi 22. Vizuri. Lakini injini ilikuwa ya uvuguvugu.

Geji ndani ya kebini

Vakyumu ikipimwa gari limesimama haisemi linavyokuwa mlimani. Nimeweka kiungo cha tawi tatu kwenye mpira unaokwenda kwenye kopo, nikavuta mpira mrefu kupitia pembeni mwa boneti hadi dirishani, nikafunga geji kwenye kioo kwa gundi ya karatasi. Mpwa ana kazi mbili sasa, simu na geji, na amedai posho.

Mpando wa kwanza: geji 17, manifoldi 181.

Mpando wa pili: geji 13, manifoldi 158.

Mpando wa tatu: "Mjomba, inashuka, kumi na moja, kumi, tisa." Manifoldi 127.

Hapo ndipo kesi ilipofungwa kwa upande wangu. Presha ya turbo inafuata vakyumu hatua kwa hatua. Turbo inafanya kile inachoambiwa. Kinachobaki ni nani anayeiba vakyumu injini ikiwa ya moto.

Tumerudi nyumbani bila kuzima, nikafungua boneti palepale, mikono kwenye glavu nzito. Nimehamishia geji kwenye mdomo wa kuingilia solenoidi. Asubuhi ulikuwa 22. Sasa 12. Kwenye pampu bado 23. Kwa hiyo solenoidi siyo mwizi, maana tatizo liko kabla yake. Kati ya pampu na solenoidi kuna mpira tu.

Nimeufuata kwa kidole kutoka juu. Nusu ya kwanza ni mpira mweusi wa kiwandani, mgumu kidogo kwa uzee. Kisha unapotea nyuma ya injini, na unapotokea upande wa pili siyo mweusi tena. Ni mrija wa dripu. Ule wa hospitali, wa plastiki angavu, umeungwa kwa nguvu na kufungwa kwa waya, halafu ukapitishwa karibu kabisa na kinga ya joto ya ekzosti. Ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Na injini ikiwa bado inaunguruma niliona kwa macho: sehemu iliyo karibu na joto imelala bapa, kuta mbili zimegusana.

Mrija wa dripu umetengenezwa kupitisha maji yanayoshuka kwa uzito wake, kuta zake hazikuwahi kuandaliwa kuvutwa kwa ndani. Ukiwa baridi unavumilia. Plastiki ikipata joto inalainika na vakyumu inaukunja. Mtu anaweza kuuliza kwa nini geji basi isifike 23 polepole, hata kwa njia nyembamba, kama ndoo inayojaa kwa bomba dogo. Ingekuwa solenoidi imefungwa, ingefika. Lakini solenoidi hii kwa kawaida yake huruhusu hewa kidogo iingie muda wote, ndivyo inavyopima kiasi cha vakyumu cha kupeleka. Inahitaji pampu irudishe haraka kile inachopoteza. Njia ikibanwa, upotevu unashinda.

Aliyeufunga mrija huo alikuwa na sababu zake, pengine usiku, pengine njiani. Gari likavuta, akaondoka. Dar lingevuta miaka.

Mpira sahihi

Maduka ya spea hapa yana mpira wa maji ya waipa na mpira wa mafuta. Wa waipa hauna ukuta, wa mafuta ni mnene kupita kiasi na haupindi kona bila kujibana. Nilichokuwa natafuta ni mpira wa vakyumu, tundu la milimita 4, ukuta mnene unaostahimili joto. Umetoka Kariakoo kwa basi, mita mbili, na nauli ya kifurushi imekaribia bei ya mpira.

Nimeubadilisha wote kutoka pampu hadi solenoidi na kutoka solenoidi hadi kopo, pamoja na ule wa kiwandani uliokuwa mzima, kwa sababu mkono ulikuwa tayari umeingia huko nyuma na sitaki kuurudisha. Nimeupitisha mbali na kinga ya joto na kuufunga kwenye braketi ya waya. Vile viungo vidogo vya plastiki vinavyopokea mpira huvunjika kama biskuti vikizeeka, basi usivute, kata mpira wa zamani kwa wembe kwa urefu wake na uuvue.

Ipogolo, mpando wa tatu, injini ya moto: geji 17, manifoldi 191, MAF gramu 88. Hesabu yangu, kwa hewa ya nyuzi 60, inasema 88.

Kitonga tena

Nimesubiri safari yenye sababu, kwenda kuchukua mzigo Ruaha Mbuyuni. Kushuka hakuna cha kupima. Chini pale presha ya anga ilisoma 95. Tumepanda na magunia ya vitunguu nyuma, mpwa na simu yake.

Nguvu zipo. Gia ya tatu inabeba, ya nne inakubali panapolegea. Lakini mpwa aliona kitu ambacho mimi nisingekiona: kila nikiachia mafuta ghafla kubadili gia na kukanyaga tena, manifoldi inaruka. 228, kisha inashuka 200. Mara moja 236. Programu hii kwa kodi za jumla haiwezi kuonyesha zaidi ya 255, kwa hiyo tulikuwa tunakaribia dari. Karibu na kona ya juu taa ya injini ikawaka na nguvu zikakata.

Kodi safari hii ni P0234. Presha imezidi.

Nimekaa pembeni ya barabara nikicheka peke yangu, mpwa akidhani nimechanganyikiwa. Ni ugonjwa wa pili, na ulikuwepo siku zote. Vakyumu ilipokuwa dhaifu haikuweza kuzidi, hivyo haukuonekana. Mrija wa dripu ulikuwa unaficha kosa la jirani yake.

Ili mapezi yafunguke haraka, solenoidi lazima iruhusu hewa ya nje iingie kwenye kopo. Hewa hiyo inapitia tundu lenye sifongo ndogo ya kuzuia vumbi. Ya kwangu ilipotoka ilikuwa tofali. Vumbi jekundu, limeshikana na ukungu wa oili. Vakyumu inaingia upesi lakini haina pa kutokea, mapezi yanachelewa kufunguka, presha inaruka. Nimeiosha kwa petroli kidogo, nikaikausha kwa upepo, haikurudi katika hali ya kufaa. Nimekata kipande cha sifongo ya chujio la pikipiki kwa ukubwa uleule. Solenoidi yenyewe nimeisikiliza kwa umeme wa betri: inabofya safi, na hewa inapita pale tu inapobofya.

Kwenye majaribio ya Ipogolo baada ya hapo, kubadili gia kwa fujo makusudi, ruko kubwa nililoliona ni 203, na linatulia kabla sijamaliza kuachia klachi.

Hali ilivyo

Kitonga imepandwa tena na mzigo, mchana, na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Manifoldi kati ya 188 na 197 kwenye kukanyaga mpaka chini, anga ikishuka kutoka 95 hadi 86 kadiri tunavyopanda. Hakuna kodi iliyohifadhiwa wala inayosubiri. Gharama zote, pamoja na kifurushi, klampu, mafuta ya majaribio na posho ya mpwa, hazijafika robo ya bei ya ile turbo ya kwenye gazeti.

Kazi inayofuata ni manifoldi ya hewa. Nilipoingiza kidole kwenye mdomo wa EGR kilitoka na lami, na sitashangaa njia ikiwa imebaki nusu. Hiyo haikuwa sababu ya kupoteza nguvu, hesabu ya MAF ingeonyesha, lakini nimeagiza gasketi kabla ya kufungua, kwa kuwa ya zamani ikishapasuka gari halitoki uani. Pampu ya mkono nimeirudisha kwa mwenyewe, na kesho yake imeazimwa na fundi yule wa turbo. Ana Hiace ya mteja isiyovuta.